Mwenyeji wa Kale: Historia ya Sumu ya Maji ya Kijani katika Ghuba ya Winam

Katika masimulizi ya kawaida kuhusu kuharibika kwa Ziwa Victoria, lawama huwekwa juu ya wageni wawili: sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akawamaliza samaki wengi wa asili, na magugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufunika ghuba na bandari katika muongo uliofuata. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanamwacha nje mhusika wa tatu ambaye hakuletwa na mtu yeyote. Huyo ni sianobakteria, yaani kundi la bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea, ambao wamo katika maji baridi ya dunia nzima na walikuwemo ziwani kabla hakijajengwa kijiji chochote ufukweni. Baadhi yao hutengeneza sumu. Historia ya sumu hiyo katika Ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa unaoingia nchini Kenya hadi Kisumu, si historia ya uvamizi bali ni historia ya malisho: kiumbe aliyekuwa mnyonge alinenepeshwa kwa takriban miaka mia moja na yale ambayo nchi kavu ilimwagia maji, na kwa kuwa alikuwa mwenyeji, ilichukua muda mrefu mno kumshuku.

Ili historia hiyo ieleweke, ni lazima kwanza umbile la kiumbe mwenyewe lifahamike. Sianobakteria ni miongoni mwa viumbe wa kale zaidi wanaojulikana, na wao ndio walioanza kuijaza anga ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, muda mrefu kabla ya mmea wa kwanza kuota nchi kavu. Wale wa maziwani wana nyenzo mbili zinazowapa nguvu juu ya washindani wao. Ya kwanza ni vifuko vidogo vya gesi ndani ya chembe, vinavyowawezesha kupanda juu kuufuata mwanga na kushuka tena. Ndiyo sababu jenasi iitwayo Microcystis, ambayo chembe zake hushikamana katika makundi yenye utelezi, inaweza kukutwa asubuhi ikiwa imetanda juu ya maji ambayo jioni yalionekana safi. Ya pili ni uwezo wa baadhi ya jenasi, kama vile Dolichospermum ambayo zamani iliwekwa katika jenasi ya Anabaena, wa kuchukua naitrojeni ya hewani kwa kutumia chembe maalumu zenye kuta nene, hivyo kwamba naitrojeni inapoadimika majini wao huendelea kustawi huku wengine wakidhoofu. Kitu ambacho hawana hila ya kukitengeneza ni fosforasi, ambayo haina budi kuletwa na mito, mvua au vumbi. Inapoletwa kwa wingi, maji yakiwa na joto na upepo umetulia, sianobakteria huongezeka ghafla hadi kuyageuza maji rangi, na ongezeko hilo ndilo linaloitwa hapa mfumuko.

Sumu wanazotengeneza hazifanani. Iliyoenea zaidi ni mikrosistini, molekuli yenye umbo la pete iliyoundwa kwa asidi amino saba, ambayo aina zake zilizotambuliwa zimepita 200; aina iliyochunguzwa kuliko zote huitwa mikrosistini-LR, herufi hizo zikiwakilisha asidi mbili, leusini na arginini. Mtu au mnyama akiimeza, sumu hii hupita utumboni hadi kwenye ini, na huko huingizwa ndani ya chembe na protini zilezile zinazosafirisha chumvi za nyongo. Ikishaingia, huvizuia vimeng'enya viitwavyo fosfatasi za protini, ambavyo kazi yake ni kubandua fosfati kutoka kwenye protini nyingine na hivyo kusawazisha shughuli za chembe. Vimeng'enya hivyo vikishindwa kazi, nyuzi zinazoipa chembe umbo lake hulegea, chembe za ini huachana, na damu humwagika katika nafasi zilizobaki, kiasi kwamba mnyama aliyekunywa sumu nyingi hufa katika muda wa saa chache, ini lake likiwa limevimba na kujaa damu. Silindrospemopsini, sumu ya pili, hukwamisha utengenezaji wa protini na hudhuru ini pamoja na figo. Anatoksini huiga kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru msuli ukaze, lakini mwili hauna njia ya kuiondoa upesi, kwa hiyo misuli ya kupumulia hukaza mpaka ikashindwa. Na saksitoksini huziba njia ambazo ioni za sodiamu hupita katika neva, ili ujumbe usifike kabisa.

Mambo mawili kuhusu mikrosistini yana uzito wa pekee katika historia inayofuata. Kwanza, sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya chembe iliyo hai na humwagika majini pale chembe inapokufa au kupasuliwa, kwa hiyo maji yanaweza kuwa hatari zaidi baada ya ukijani kutoweka kuliko wakati yalipokuwa yamefunikwa. Pili, si kila Microcystis ina jeni za kutengenezea sumu. Aina mbili zinazofanana kabisa chini ya hadubini zinaweza kukaa katika ndoo moja, moja ikiwa na sumu na nyingine haina, na hapana jicho, pua wala ulimi unaoweza kuzitenganisha.

Maarifa haya yalipatikana polepole, na karibu kila hatua yake ilitanguliwa na vifo. Mwaka 1878 George Francis, mkemia wa Adelaide huko Australia, aliandika katika jarida la Nature kuhusu Ziwa Alexandrina, karibu na mahali Mto Murray unapoingia baharini, ambako utando mzito uliofanana na rangi ya mafuta ya kijani ulikuwa ukisukumwa na upepo hadi ufukweni, na mifugo iliyokunywa hapo ikawa inakufa. Francis hakuridhika na kusikia habari za wafugaji, bali alimnywesha kondoo utando huo na kumwona akifa kabla siku moja haijaisha. Andiko lake fupi ndilo linalohesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya kisayansi ya sumu hii, ingawa alichokiona kilikuwa Nodularia, ndugu wa Microcystis anayependelea maji yenye chumvi kidogo na ambaye sumu yake inakaribiana sana na mikrosistini.

Afrika iliingia katika historia hiyo mapema. Bwawa la Vaal nchini Afrika Kusini lilikamilika mwaka 1938, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 maji yake yalifunikwa na Microcystis kiasi cha kuua maelfu ya ng'ombe na kondoo katika mashamba ya pembeni. Douw Steyn, mtaalamu wa sumu katika taasisi ya tiba ya mifugo ya Onderstepoort, alizifuatilia dalili za mifugo hiyo na kuonyesha kwamba kiini cha balaa kilikuwa ini. Mnamo miaka ya 1950 watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, wakiongozwa na Paul Gorham, waliikuza Microcystis katika maabara na kubaini kwamba ndani yake mlikuwa na kitu kilichowaua panya katika muda usiozidi saa moja, wakakiita kisababishi cha kifo cha haraka. Mwaka 1959 walitangaza kwamba kilikuwa peptidi yenye umbo la pete. Ilibidi miaka mingine zaidi ya 20 ipite kabla Dawie Botes na wenzake mjini Pretoria hawajaichambua pete hiyo asidi kwa asidi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, na mwaka 1990 ndipo ilipoonyeshwa jinsi inavyovizuia vimeng'enya vya ini. Kwa maneno mengine, tangu kondoo wa Francis hadi kujulikana kwa sababu halisi ya kifo chake ulipita muda wa zaidi ya karne nzima.

Kuhusu binadamu, ushahidi ulikawia zaidi, kwa kuwa mtu hukwepa maji yenye utando na kwa kuwa kuhara na kutapika kuna sababu nyingi. Katika jiji lililoitwa Salisbury, leo Harare, daktari mmoja aligundua katika miaka ya 1960 kwamba watoto wa mitaa iliyopata maji kutoka Ziwa McIlwaine, sasa Chivero, walishikwa na ugonjwa wa tumbo kila mwaka katika majira ambayo Microcystis ya ziwani ilikuwa ikifa, ilhali watoto wa mitaa iliyopata maji kwingineko hawakushikwa. Mwezi Novemba 1979 katika Kisiwa cha Palm, Australia, watu 148, wengi wao watoto, waliugua ugonjwa uliofanana na homa ya ini muda mfupi baada ya bwawa lao kutiwa salfeti ya shaba ili kuua mfumuko. Dawa ilizipasua chembe zote kwa mkupuo mmoja na kuimwaga silindrospemopsini katika mabomba. Mwaka 1996 mjini Caruaru, kaskazini mashariki mwa Brazil, maji ya bwawa yasiyosafishwa ipasavyo yalitumiwa kusafishia damu ya wagonjwa wa figo, sumu ikaingia moja kwa moja katika mishipa bila kupitia utumbo, na vifo 52 vikahesabiwa kuwa vimesababishwa nayo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, Shirika la Afya Duniani liliweka kwa mara ya kwanza kikomo cha mikrosistini-LR katika maji ya kunywa, yaani maikrogramu 1 kwa lita kwa mtu anayeyanywa maisha yake yote. Mwaka 2020 liliongeza vikomo vya muda mfupi, maikrogramu 12 kwa lita kwa kunywa na 24 kwa kuogelea.

Wakati maarifa hayo yalipokuwa yakijengwa kwingineko, Ziwa Victoria lilikuwa likibadilika bila kishindo. Ziwa hili, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ni kubwa kwa upana lakini halina kina kirefu, kwani wastani wake ni karibu mita 40 tu. Nayo Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi zaidi, kisichofika mita 10 kwa wastani, na maji yake hubadilishana na ya ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na Kisiwa cha Rusinga. Katika ghuba hiyo huingia Mto Nyando na Mto Sondu-Miriu, ikibeba udongo wa nyanda za juu. Bonde la namna hiyo, lenye joto mwaka mzima na maji yasiyoondoka upesi, lilikuwa makao yanayofaa sana kwa sianobakteria. Kilichokosekana ni chakula cha kutosha.

Chakula hicho kilianza kuletwa na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo ni Kisumu ya leo, mwezi Desemba 1901, na baada ya muda mfupi mazao ya bonde zima yakapata soko. Misitu ya nyanda za juu ilikatwa kupisha mashamba ya chai, kahawa na mahindi, tambarare za Nyando zikawa mashamba ya miwa yaliyolisha kiwanda cha Miwani tangu miaka ya 1920 na baadaye viwanda vya Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960, na vinamasi vya mafunjo, vilivyokuwa vikichuja maji ya mito kabla hayajafika ziwani, vikaanza kukaushwa na kulimwa. Idadi ya watu iliongezeka pamoja na mashamba, na pamoja na watu ikaongezeka mifugo, maji taka na moto wa kuchomea majani. Moto huo una sehemu kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ziwa hili hupata maji yake mengi kutoka kwenye mvua inayonyesha juu yake, na mvua hiyo hushuka na majivu pamoja na vumbi. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani huletwa kwa njia ya anga.

Bahati njema ni kwamba ziwa liliwahi kupimwa kabla halijageuka. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, akisaidiwa na E. B. Worthington, aliongoza uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa ziwa zima, uliofanywa kwa sababu ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa amepungua tangu nyavu za makila zilipoingia mwaka 1905. Lengo lilikuwa samaki, lakini maji nayo yalipimwa, na sahani nyeupe iliyoshushwa katika maji ya wazi iliweza kuonekana hadi kina cha zaidi ya mita 5. Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki mjini Jinja, na hapo mwanabiolojia Mwingereza Jack Talling alifanya kazi mwaka 1960 na 1961, akipima mwezi baada ya mwezi kemikali za maji pamoja na viumbe vidogo vielea. Alichokikuta ni ziwa ambalo majira yake makuu yalitawaliwa na diatomu, yaani mwani wenye maganda ya silika, huku sianobakteria wakiwepo bila kuwa mabwana.

Tope la chini ya ziwa limehifadhi kumbukumbu ambayo wapimaji hao hawakuweza kuiona. Dirk Verschuren na wenzake walichambua nguzo ya tope iliyotolewa chini ya ziwa, ambayo tabaka zake husomwa kwa miaka, na mwaka 2002 walionyesha kwamba uzalishaji wa mwani ulianza kupanda mnamo miaka ya 1930, sambamba na kupanuka kwa kilimo na kuongezeka kwa watu katika bonde. Fosforasi iliyozidi iliwanufaisha diatomu kwanza. Walizaana, wakafa, wakazama na maganda yao, na kwa kufanya hivyo waliifukia silika chini kwa kasi kuliko mito ilivyoweza kuirudisha. Silika ilipopungua, diatomu wenye maganda mazito hawakuweza tena kujijenga, nayo naitrojeni ikawa haba kulingana na fosforasi iliyokuwapo, na hapo walioweza kuchuma naitrojeni hewani walikuta uwanja mtupu. Wakati huohuo maozo yaliyozama yalimaliza oksijeni ya kilindini, kiasi kwamba kuanzia miaka ya 1960 samaki walizidi kunyimwa sehemu ya chini ya ziwa lao. Mabadiliko haya yalikuwa yameshakomaa kabla sangara hajatanda mnamo miaka ya 1980. Alilikuta ziwa likiwa limekwisha kudhoofishwa.

Kwa bahati mbaya, kipindi ambacho ziwa lilibadilika kwa kasi kubwa kuliko vyote ndicho kipindi ambacho vipimo vilikuwa haba. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1961 zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 na kuzamisha mafunjo ya pwani nyingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo ikavunjika taasisi ya pamoja iliyokuwa na makao Jinja, kila nchi ikabaki kujenga taasisi yake upya kwa vifaa vichache. Katika miaka ya 1980 mlango mwembamba wa Mbita, mojawapo ya njia ambazo maji ya ghuba yalipitia kubadilishana na ya ziwa kuu, ulizibwa na tuta la barabara ya kuingia Rusinga, na tuta hilo lilikaa zaidi ya miongo mitatu kabla ya kubadilishwa kwa daraja. Samaki walikuwa wakifa kwa makundi katika ghuba, na mwaka 1989 Peter Ochumba na David Kibaara walichapisha maelezo ya mifumuko ya sianobakteria katika maji ya wazi ya upande wa Kenya. Wakati huo sahani nyeupe ya wapimaji ilikuwa ikipotea machoni katika kina cha mita chache tu, na karibu na ufuko kabla ya kufika mita 1.

Hata hivyo macho ya umma yalivutwa upande mwingine. Magugu maji yalipofikia kilele chake mwaka 1998 yalifunika takriban hekta 17,000 katika ghuba, meli zikakwama bandarini Kisumu, na fedha na juhudi zikaelekezwa katika kuyakata kwa mashine na kuyafugia fukusi wanaoyala. Adui aliyeonekana, aliyekuwa na jina na nchi ya asili, alikuwa rahisi kupigwa vita kuliko kiumbe asiyeonekana mmojammoja, ilhali magugu yale yalikuwa yakinywa fosforasi na naitrojeni ileile. Yalipopungua mwishoni mwa muongo, chakula kilibaki majini na mwanga ukarudi juu ya maji.

Sumu yenyewe ilipotafutwa hatimaye, ilipatikana. Kwanza walisikika ndege: makumi ya maelfu ya heroe walikufa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 Lothar Krienitz na wenzake wa Ujerumani na Kenya waliripoti mikrosistini na anatoksini katika utando wa sianobakteria unaoota kwenye chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, ambako ndege hao hunywa na kuoga, wakazihesabu sumu hizo kuwa mojawapo ya sababu za vifo. Krienitz na wenzake walikuwa wamekwisha kuripoti mikrosistini katika Ghuba ya Winam mwaka 2002, na watafiti wa Tanzania wakaiona katika Ghuba ya Mwanza katika miaka iliyofuata. Uchunguzi wa jeni uliofanywa baadaye Winam umeongeza jambo ambalo rangi ya maji peke yake isingeonyesha: mfumuko mkubwa unaotanda katikati ya ghuba kwa kawaida ni wa Dolichospermum, ilhali jeni za kutengeneza mikrosistini zimo katika Microcystis, ambayo hukusanyika zaidi katika maji yenye tope karibu na midomo ya mito. Kwa hiyo sumu iko nyingi zaidi palepale ambapo watu huchota.

Namna watu wanavyochota na kuyaandaa maji hayo ndiyo inayoigeuza sifa ya kikemia kuwa hatari ya nyumbani. Katika mialo mingi ya ghuba, mchotaji huingia majini hadi magotini, huusukuma utando kando kwa kitako cha ndoo, kisha huizamisha ndoo chini kidogo ambako maji yanaonekana meupe; na yule asiyekwenda mwenyewe hununua madumu ya mchuuzi aliyefanya hivyohivyo. Nyumbani maji huachwa yatulie, wengine huyatia shabu ili tope lishuke, kisha huchemshwa. Hatua ya shabu ina faida ya kweli, kwa sababu chembe nzima za sianobakteria huweza kushuka pamoja na tope na sumu yao ikiwa bado ndani, mradi maji ya juu yamiminwe taratibu bila kukawia. Hatua ya kuchemsha, ambayo kwa muda mrefu imefundishwa shuleni na zahanati kuwa ngao dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, ni ngao kweli dhidi ya magonjwa hayo, lakini dhidi ya mikrosistini haifai kitu: pete ya asidi saba huvumilia joto la maji yanayochemka, na joto hilohilo huzipasua chembe na kuimwaga sumu ambayo ingeweza kuchujwa. Maji yanayopunguzwa kwa kuchemshwa sana hubaki na sumu ileile katika ujazo mdogo zaidi. Hata utando uliokauka juu ya mchanga huweza kuhifadhi sumu kwa miezi, kisha ukaiachia tena maji yanaporudi.

Chakula nacho kina njia yake. Sumu hukusanyika zaidi katika utumbo na ini la samaki kuliko katika mnofu, kwa hiyo samaki mkubwa anayepasuliwa na kutolewa matumbo ana hatari ndogo. Lakini omena, wanaoitwa dagaa upande wa Tanzania na mukene upande wa Uganda, hukaushwa juani na kuliwa wazima, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu samaki wadogo wa ghuba ulipima mikrosistini katika miili yao mizima kwa kiasi kinachostahili kufuatiliwa. Hii si sababu ya kumwacha samaki ambaye ni protini rahisi ya mamilioni ya watu. Ni sababu ya kujua alivuliwa wapi na katika majira gani.

Mji nao haukuepuka. Mwaka 2004 mfumuko katika ghuba ulivuruga upatikanaji wa maji ya Kisumu, ambayo kwa sehemu huvutwa ziwani, na tukio hilo lilionyesha ugumu unaojulikana katika mitambo yote ya namna hiyo: mwani mwingi huziba vichujio, na mwendeshaji anayeharakisha kutia klorini mwanzoni kabla ya kuziondoa chembe huzipasua, akafanya bila kujua kile kilichofanyika katika Kisiwa cha Palm. Utaratibu ulio salama ni kuzigandisha na kuzichuja chembe kwanza zikiwa nzima, kisha ndipo klorini itumike kwa muda wa kutosha, ambapo nayo huweza kuivunja sumu iliyobaki. Mkaa maalumu huinasa pia, ila gharama yake ni kubwa.

Nchi tatu za ziwa zilirudi kushirikiana kwa hatua: mkataba ulioanzisha shirika la pamoja la uvuvi ulitiwa saini mwaka 1994, mradi mkubwa wa mazingira ya ziwa ulianza mwaka 1997, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na leo kamisheni yake ya bonde la ziwa ina makao Kisumu. Kazi iliyobaki haiwezi kumalizwa kwa kukata au kuvuna kitu. Fosforasi ya miongo mingi imelala katika tope la ghuba, na kila mara kilindi kinapokosa oksijeni sehemu yake hurudi majini, kwa hiyo hata kama mito ingesafishwa kwa mkupuo, mifumuko ingeendelea kwa miaka mingi.

Hapo ndipo tofauti kati ya mgeni na mwenyeji inapokuwa na maana ya utendaji. Mgeni anaweza kuzuiwa mlangoni, au kuletewa adui wake wa asili kama walivyoletwa fukusi. Mwenyeji hapunguzwi ila kwa kupunguziwa chakula, jambo linalodai kurudishwa kwa mafunjo katika midomo ya mito, kusafishwa kwa maji taka ya miji na kupunguzwa kwa moto wa mashamba, na matunda yake yatavunwa na kizazi kingine. Ambacho kizazi cha sasa kinaweza kukipata upesi ni vipimo vya sumu vinavyofanywa mfululizo na kutangazwa kwenye mialo kama yanavyotangazwa maonyo ya kipindupindu, pamoja na mafundisho ya maji ya nyumbani yanayoongeza, baada ya agizo la kuchemsha, kwamba maji ya kijani hayasalimishwi na moto. Watu wa Ziwa Alexandrina, Vaal, Salisbury na Caruaru wote walijifunza baada ya madhara kutokea. Winam ina vipimo vya karibu karne moja na ujuzi wa kutosha wa kutangulia, ikiwa vipimo hivyo havitakatizwa tena kama vilivyokatizwa mwaka 1977.